Kikaragosi Rahisi, Mlipaji Adimu

Sponji ya godoro, kitambaa laini cha mitumba, gundi na vifungo viwili vya macho: ukimpelekea hivyo fundi cherehani wa soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, anaweza kukushonea dudu la kijani lenye mdomo mpana. Anayedai kwamba vipindi vya vikaragosi vinashindikana huku kwa ughali wa vifaa, usimwamini sana.

Ufundi upo kwenye kuchezesha. Mchezeshaji hujificha chini ya fremu, mkono wa kulia ndani ya kichwa cha kiumbe, wa kushoto ukiusogeza mkono wake kwa ufito, macho yakiwa kwenye skrini ndogo ili ajue mtazamaji anaona nini. Ndiyo maana viumbe wengi wa Sesame Street, kipindi kilichoanza Marekani mwaka 1969, ni mashoto. Sauti tunazo: kundi la maigizo la Mufwankolo limelichekesha jiji hili kwa Kiswahili chetu, redioni na kwenye televisheni, miaka nenda rudi. Hizo hatuhitaji kuziagiza zipite mpaka wa Kasumbalesa.

Kinachokwamisha ni malipo. Mtoto wa miaka minne hanunui bia wala vocha, na mwenye tangazo anajua hivyo. Tanzania ilipata Kilimani Sesame, yenye vikaragosi Neno na Lulu, kwa msaada wa wafadhili. Nairobi, The XYZ Show ya mchora katuni Gado ilianza mwaka 2009 na vikaragosi vya wanasiasa. Hiyo ni ya watu wazima na ilivuma sana, lakini bado iliegemea Ford Foundation na balozi za kigeni. Hata Sesame yenyewe ilipewa na USAID dola milioni 20 kwa kipindi cha watoto wa Iraq. Mwaka 2025 USAID ikafungwa.

Ubongo ya Dar es Salaam, inayotengeneza vipindi vya watoto, ilichagua katuni badala ya vikaragosi. Nayo inaomba wafadhili, ila hesabu yake ni tofauti: Akili and Me ikishachorwa, hubadilishwa sauti tu, ikaenda kwa Kifaransa, Kinyarwanda au Kihausa, na gharama ikagawanywa nchi kadhaa. Kwa maoni yangu, kikaragosi kinaweza kufuata njia hiyohiyo, kwa kuwa mdomo wake hufunguka na kufumba tu, lugha yoyote inaingia. Mtoto wa Katuba, hapa jijini, atakielewa kikaragosi cha Dar, hata akiicheka lafudhi yake.

Mlipaji wa karibu zaidi hapa ni mgodi. Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na kipindi cha kufundisha watoto kuhesabu kinaweza kuombewa fungu humo, pembeni ya visima na madarasa.

Ila mkataba usomwe kwanza. Mwaka 2000 kampuni ya Kijerumani EM.TV iliinunua ile ya Jim Henson, aliyewabuni viumbe wa Sesame Street, kwa dola milioni 680. Wenye kipindi ikabidi wawanunue viumbe waliowazoea miaka yote. Migodi ya Katanga nayo hubadilisha wamiliki mara kwa mara, na kikaragosi kilichoandikishwa kwa jina la mgodi kitauzwa pamoja na mitambo.