Spear alinipata kwenye mandazi, Soweto East

Nilikutana na Lance Spearman akiwa amelowa mafuta.

Ilikuwa saa moja asubuhi hapa Soweto East, karibu na zile nyumba za ghorofa. Nilikuwa nimenunua mandazi mawili ya kula nikielekea stejini. Shosho wa mandazi hufungia kwa magazeti ya zamani, kwa hivyo nimezoea kusoma siasa za mwaka juzi huku nikitafuna. Siku hiyo karatasi haikuwa na mwanasiasa. Ilikuwa na jamaa wa kofia ya pama, tai ya kipepeo, sigara nene mdomoni na bastola mkononi. Nikageuka mbio.

"Shosho, hii karatasi umetoa wapi?"

"Hayo ni makaratasi ya babu yenu. Yamejaa katoni chini ya kitanda. Wewe unataka mandazi ama unataka karatasi?"

Nilitaka zote. Mtu anayekusanya majarida ya wanaume wa zamani huishi kwa hofu moja: kwamba wakati huu huu, mahali fulani mtaani, kuna mtu anafungia nyama kwa toleo analolitafuta.

Kama humjui Spear, muulize babu yako. Katika miaka ya 1960 na 1970, jarida la African Film lilisomwa kote Afrika Mashariki na Magharibi. Hadithi ilisimuliwa kwa picha za kamera, maneno yakiwa ndani ya viputo kama katuni. Spear alikuwa mpelelezi Mwafrika aliyeendesha Corvette Stingray, akinywa wiski na kupigana na majambazi kama Rabon Zollo. Aliyemwigiza aliitwa Jore Mkwanazi. Kazi hiyo ilitoka kwa kampuni ya Jim Bailey, mwenye jarida la Drum lililoanza Afrika Kusini mwaka 1951 na baadaye likawa na toleo la Afrika Mashariki. Hebu fikiria: katika nchi ya kampuni hiyo, sheria za ubaguzi wa rangi zilimkataza mwanamume mweusi kuingia baa za Wazungu, lakini kwenye kurasa Spear aliingia popote alipotaka. Watanzania nao hawakungoja waletewe. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, aliwatengenezea jarida lao la picha, Film Tanzania, kwa Kiswahili.

Lakini kilichonifanya nipige magoti kando ya kitanda cha shosho ni Joe. Hilo ni la kwetu kabisa, la Nairobi. Hilary Ng'weno, Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, alilianzisha na mchoraji Terry Hirst mwaka 1973. Joe mwenyewe alikuwa msee wa kawaida wa jiji, mshahara mdogo na shida nyingi, anayecheka ili asilie. Edward Gitau, yule aliyewapa wasomaji wa Taifa Leo Juha Kalulu, alichora humo pia. Ng'weno aliondoka, akaanzisha The Weekly Review mwaka 1975, Hirst akaendelea hadi jarida likafa mwaka 1979. Ni miaka sita tu. Ndiyo maana ukipata nakala moja nzima yenye jalada, unaweza kukosa usingizi.

Sisemi kila kilichomo ni kizuri. Dada yangu alipekua nakala zangu kadhaa jioni moja, akaniuliza mbona kila mwanamke humo ama anamngoja mwanamume ama anamla pesa. Akanionyesha pia tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi ndani ya Drum, ukurasa mzima. Sikuwa na jibu. Nimeyaacha matangazo mahali pake. Mkusanyaji akianza kukata asichopenda, anabaki na kitu ambacho hakikuwahi kuchapishwa.

Sasa, kuweka karatasi ya miaka hamsini Kibera si mchezo. Mabati yanavuja, jiko la mafuta ya taa linatoa moshi, panya hawajui thamani ya fasihi. Mimi natumia sanduku la bati, lile la kwenda nalo shule ya bweni, nikaliinua juu ya matofali manne kwa sababu maji hupitia mlangoni mvua ikizidi. Pini zenye kutu nazitoa polepole na kushona kwa uzi. Selotepu sigusi tena. Niliwahi kuitumia kwenye Drum moja. Baada ya muda ikawa ya manjano, ikaninyofolea sura ya mwanamuziki mzima. Toi Market na wauza vitabu wa kando ya barabara mjini ndiko nilikozoea kuwinda. Huko wakikuona umechangamka bei inapanda, kwa hivyo unashika jarida kama mtu aliyeboeka.

Kwa shosho ujanja huo ulikufa mapema, maana nilishapiga magoti. Hizo katoni zilikuwa zimesafiri kuliko mimi. Mwaka 2009 wakazi wa eneo lao walipohamishiwa Lang'ata ili Soweto East ijengwe upya, mumewe alizibeba mwenyewe. Nyumba mpya 822 zilipokabidhiwa mwaka 2016, akazirudisha. Kisha akafariki, zikabaki chini ya kitanda hadi bei ya magazeti ya kufungia ilipopanda.

Hakutaka pesa. Alitaka karatasi. Tukakubaliana: kilo mbili za magazeti kwa kilo moja ya "makaratasi ya babu". Wiki nzima nilizunguka kwa vinyozi na ofisini nikiomba magazeti ya jana kama chokoraa, nikaja na gunia. Akatoa mizani ya unga, tukapima Spear na Joe kama viazi. Katoni moja ilikuwa imeshaisha. Sikumuuliza ilikuwa na nini.

Kabla nifunge, alinizuia. "Hebu nisomee hiyo kwanza. Alikuwa akicheka peke yake usiku, mimi sijui Kiingereza." Nikaketi kwenye stuli nikamtafsiria ukurasa wa katuni wa Joe, mmoja baada ya mwingine, mafuta yakiungua jikoni. Wa tatu ulimchekesha hadi akafuta macho kwa leso.

Akaichukua nakala hiyo mkononi mwangu, akaigeuza. Juu ya jalada kulikuwa na jina la mumewe kwa wino wa bluu.

"Hii haiendi," akasema. "Leta gunia lingine, utapata zilizobaki."

Nimeshapata nusu gunia.