Kuondoa Rangi si Kuiangamiza

Mnunuzi wa leso huko Likoni au Kisauni hutaka kujua kwanza: je, rangi itachujuka? Sifa hiyo ya kutochujuka, inayopendeza nguoni, ndiyo balaa majini. Rangi nyingi za viwandani zimeundwa zistahimili jua na sabuni, na bakteria wanaotegemewa katika kusafisha majitaka aghalabu hushindwa kuzivunja. Zikifika horini, huizuilia mimea ya majini mwanga wa jua.

Wanasayansi wa nchi nyingi wamejaribu dawa mpya: chembe za magnetaiti, yaani madini ya chuma na oksijeni. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, na nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Hutiwa katika majitaka, zikashika rangi, kisha sumaku ikazivuta kando.

Mimi ni mwanaisimu, si mkemia. Kinachonishughulisha ni kitenzi. Wengi wetu tungesema kwamba chembe hizo "hufyonza" rangi. La hasha! Sifongo hufyonza, maji yakaingia ndani. Hapa rangi hunata juu ya uso wa chembe. Kiingereza hutenganisha dhana hizi mbili kwa herufi moja tu, b na d, na wanafunzi huzichanganya kila mwaka. Kiswahili kina vitenzi viwili visivyofanana hata kidogo. Kwa nini tusivitumie?

Mwanafunzi aliyeshika "kunata" ataelewa mara moja udogo una faida gani. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukikatwa kuwa vipande vya nanomita 10, jumla ya nyuso hufikia mita 600 za mraba, kupita uwanja wa mpira wa kikapu.

Ataelewa pia jambo zito zaidi: kilichonata hubanduka. Chembe huoshwa ili zitumike tena, na rangi huhamia katika maji ya kuoshea. Imeondolewa, haijaangamizwa. Maji hayo yatamwagwa wapi?

Kenya ina sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni za ubora wa maji. Lakini mkazi wa Changamwe hawezi kuuliza swali hilo ikiwa shuleni alifundishwa kwamba rangi "imefyonzwa" ikaisha. Walimu wenzangu, tuanze na kitenzi.