Kambi ya Wavuvi Chini ya Ufipa

Nchi ya Ufipa imeinuka sana. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Tanganyika yako kiasi cha mita 770 tu. Kwa hiyo mtu ashukaye kutoka mjini kwenda Kasanga, Wampembe, Kipili au Kirando huacha baridi nyuma yake na kukuta joto. Huko ufukoni, wakati wa kiangazi, wavuvi hupiga kambi zao. Watu wa pwani ya bahari huiita kambi ya namna hiyo dago.

Kazi kubwa ya kambi ni dagaa, nayo hufanywa usiku. Dagaa hula vijidudu vidogo mno vya majini. Mchana vijidudu hivyo hushuka chini penye giza, na usiku hupanda juu, nao dagaa huvifuata. Tena samaki hao huvutwa na mwanga. Wazee wa zamani waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, wakawateka dagaa kwa wavu wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja taa za karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa jua. Lakini mbalamwezi ikienea juu ya maji yote, taa haina nguvu tena, na dagaa hutawanyika. Ndiyo sababu mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, wakashona nyavu zao na kuziba mitumbwi inayovuja.

Alfajiri mitumbwi hurudi, na kazi ya mchana huanza. Dagaa huanikwa juani na kugeuzwa mara kwa mara. Wengine huwaanika mchangani, lakini walio na busara hutumia vichanja, maana juu ya kichanja mchanga hauingii, na upepo hupita chini na juu. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza, na taabu ya usiku kucha hupotea. Wakikauka, hutiwa katika magunia na kupandishwa mlimani hata soko la Sumbawanga.

Wavulana wa kambini husaidia kuanika, kuteka maji na kutafuta kuni. Lakini kuvua usiku si kazi yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi usiku, tangu saa mbili jioni hata saa kumi na mbili asubuhi. Tena maji ya ziwa yasinywewe hivi hivi, bali yachemshwe kwanza, kwa sababu kipindupindu huenea upesi mahali watu wengi wanapokaa pamoja bila vyoo.

Upepo nao una faida na hatari. Tangu Mei hata Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, ukayasukuma maji ya juu, yenye joto, kwenda kaskazini. Hapo maji baridi ya chini hupanda upande wa kusini, yakileta chakula cha vijidudu, na vijidudu ni chakula cha dagaa. Lakini upepo huo huo huinua mawimbi makubwa, na ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu lililo na kina zaidi. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili hulitazama anga kabla ya kusukuma mtumbwi.

Ziwa ni kubwa, lakini samaki wake si wa kuvuliwa bila kiasi. Wavu wenye matundu madogo sana huchukua hata wachanga, wasiopata kuzaa. Kwa sababu ya kupungua kwa samaki, Serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi mizito kwa jamaa za wavuvi, kwa kuwa mtu aishiye kwa wavu hana shamba la kumngojea. Lakini mkulima naye, hata akiwa na njaa, haili mbegu yake.

Wahenga walisema, “Mchumia juani hulia kivulini.” Basi mwanafunzi wa Sumbawanga akipewa dagaa kwa ugali wake, na awakumbuke waliokesha majini na wale waliowaanika juani.