Bakteria wa chupa na bakteria wa mtoto

Huku Malaba, Tororo na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kila homa huitwa malaria. Si ajabu: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea mara mamia kwa mwaka. Lakini kichanga wa wiki tatu akichemka, wasiwasi wa kwanza ni bakteria kwenye damu. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya watoto wa chini ya siku 60 waliolazwa hospitalini kati ya 1998 na 2002, asilimia 12.8 walikutwa nao.

Basi damu inaoteshwa maabara, na jibu likirudi kwamba kuna kilichoota, mama anaambiwa mwanawe ana "damu chafu". Nani kasema?

Ngozi ina wenyeji wake, hasa Staphylococcus epidermidis, na baadhi wamejichimbia kwenye vinyweleo, spiriti isikofika. Sindano hupita katikati yao. Mmoja akiponyoka hadi kwenye ile chupa yenye lishe na joto, anagawanyika. Baada ya mizunguko 20 wamepita milioni, na mashine haijui walikotoka. Kinachowaumbua ni saa. Bakteria waliokuwa wakimuumiza kichanga, mathalani E. coli, kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 24 hadi 36. Wa ngozini mara nyingi huchelewa. Lakini saa peke yake haitoshi, kwani kwa njiti aliyewekewa mpira mshipani, huyohuyo wa ngozini anaweza kuwa ndiye anayemuumiza. Daktari hutazama pia aina ya bakteria, chupa ya pili na mtoto mwenyewe.

Mkojo wa kukingwa kwa mfuko una hila ileile: ukiwa safi uamini, ukiwa mchafu upimwe upya.

Na wale wanaompima kichanga Widal dukani na kutangaza taifodi, au kumchokonoa fizi kwa spoku ya baiskeli eti wanatoa ebino, yaani meno ya uongo, wamwachie mtoto wa watu. Spoku hiyo ndiyo inayoingiza bakteria.

Chini ya miezi miwili, nyuzi 37.5 kwapani ni hospitali leo. Ampisilini na jentamaisini zisingoje maabara. Muuguzi aache spiriti ikauke, afute pia kizibo cha chupa. Mkiruhusiwa mapema, acheni namba ya simu inayopatikana pande zote za mpaka, maana chupa huangaliwa hadi siku ya tano.