Chembe za Ubongo Zasafiri Gizani



Mama mmoja alitujia baada ya ibada, mtoto wa miaka minne akiwa mgongoni. Alikuwa ametoka upande wa Chwele, katika Bungoma. Mtoto hakuweza kukaza shingo wala kuketi, na kifafa kilimshika mara nyingi kwa siku. Mama alitoa bahasha kubwa yenye picha ya kichwa iliyopigwa Eldoret, akasema, "Mchungaji, daktari amesema ubongo wa mtoto hauna mikunjo, uko kama yai. Nyumbani wanasema ni laana niliyokuja nayo kutoka kwetu. Niambie, nilifanya nini?"

Sisi tulisomea theolojia, hatukusomea uganga. Tuliomba pamoja naye, lakini swali lake lilibaki palepale, tukaenda kuuliza na kusoma. Leo twawaeleza tuliyojifunza, kwa maana huenda yuko mama mwingine, Kiminini au Kimilili, anayelaumiwa vivyo hivyo.

Ubongo wa mtu mzima una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Ajabu ya kwanza ni kwamba karibu zote hazikuzaliwa mahali zinapokaa. Lichukueni gamba la ubongo, yaani ile sehemu ya juu yenye mikunjo, ambayo kwayo twafikiri, twasema na kukumbuka. Nyingi za chembe zake huzaliwa ndani kabisa, kando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, nazo hazina budi kusafiri mpaka juu. Safari huanza karibu juma la saba au la nane la mimba, wakati ambapo mama wengine hawajajua kwamba wana mimba, na msongamano wake mkubwa huwa kati ya juma la 12 na la 20.

Je, chembe isiyo na macho huijuaje njia? Wengi wetu huku Kitale twalijua pango la Kitum, katika Mlima Elgon. Ndovu huingia humo usiku, wakipapasa njia gizani kwa mkonga, hata waufikie ukuta wenye chumvi na kuuchimba kwa pembe. Chembe nayo hupapasa. Hutoa kijimkono mbele, kijimkono hushika, kisha kiini cha chembe huvutwa kukifuata. Hupumzika kidogo, halafu hurudia. Ndivyo kijana anavyopanda mkalitusi: mikono kwanza, mwili baadaye. Mwendo wenyewe ni wa polepole mno. Katika ubongo wa panya uliotazamwa kwa hadubini, kuna chembe zinazopanda kama sehemu moja ya mia ya milimita kwa saa, yaani siku nne kwa milimita moja tu.

Na hushika nini? Mwaka 1972 mtaalamu Pasko Rakic, akichunguza ubongo wa vijusi vya kima, alieleza kwamba ziko chembe nyingine ndefu, zenye nyuzi zilizonyooka kutoka kwenye vyumba vya maji hadi juu, kama kamba zilizofungwa toka sakafuni hadi darini. Chembe changa hupanda kwa kamba hizo. Baadaye, karibu mwaka 2000, wataalamu waligundua jambo lililotufanya tuweke kitabu chini kwanza: chembe hizo zenye kamba ndizo zizaazo zile zinazopanda. Mtoto hupanda kwa mkono wa mama yake.

Mtu angedhani kwamba zinazotangulia hukaa juu, na zinazofuata hujipanga chini yake. Sivyo. Angevine na Sidman walitia alama chembe za panya, na mwaka 1961 wakaonyesha kwamba zilizotangulia hukaa chini, na zinazofuata hupita katikati yake mpaka juu zaidi. Huku Trans Nzoia twajua jinsi watu wanavyotafuta mahali pa kukaa; hao wa ubongoni hupishana bila kesi ya mpaka!

Kuna na wa kuziambia zishuke wapi. Juu kabisa hukaa chembe chache zinazotoa protini iitwayo reelini, nazo zinazopanda huitambua. Huko Edinburgh, mwaka 1951, Douglas Falconer aliandika habari za panya waliopepesuka kama walevi. Ilipofika mwaka 1995 ndipo jeni yao iliyoharibika ilipopatikana, nayo ni ile ya reelini. Katika panya hao chembe zilikuwa zimepanda, lakini hazikujua mahali pa kukaa, na tabaka za ubongo wao zikawa kama zimepinduliwa.

Tusisahau chembe nyingine ambazo hazipandi wima. Hizo huzaliwa chini, kisha huzunguka kwa kando, kama matatu itokayo Bungoma kwenda Kitale kwa kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini. Kazi yake ni kuwa breki ya ubongo. Zisipofika kwa wingi wa kutosha, ubongo huweza kuwaka bila kizuizi, na hicho ni kifafa.

Sasa turudi kwa mtoto wa Chwele. Jeni ni maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe zetu. Mwaka 1993 ilipatikana jeni iitwayo LIS1, ambayo husaidia kukivuta kiini wakati wa kupanda. Mwaka 1998 ikapatikana nyingine, DCX. Kosa moja katika maandishi hayo laweza kutosha. Kijimkono hushika, lakini kiini hakivutwi sawasawa, na chembe nyingi mno hubaki njiani. Gamba huwa nene, na ile mikunjo ambayo ingeonekana katika nusu ya pili ya mimba haitokei. Mara nyingi kosa la LIS1 ni jipya kabisa, halimo kwa baba wala kwa mama. Lile la DCX huweza kubebwa na mama bila yeye kujua, kama mtu abebavyo rangi ya macho ya babu yake. Wanafunzi walimwuliza Bwana wetu swali la namna hiyo juu ya kipofu, wakitafuta nani alikosa, na jibu lake mtalikuta katika Yohana sura ya 9. Twawasihi akina mama wakwe walisome wao wenyewe.

Hata hivyo yako mambo mawili yaliyo mikononi mwetu. La kwanza ni chumvi. Katika nusu ya kwanza ya mimba mtoto hutegemea sana homoni itokayo katika tezi ya koo la mama yake, na tezi hiyo haifanyi kazi pasipo iodini. Mwaka 2003 watafiti wa Madrid walionyesha katika panya kwamba homoni hiyo ikipungua mapema kwa mama, chembe za ubongo wa mtoto hukaa mahali pasipo pake. Iodini imejaa baharini, bali udongo wa milimani huoshwa na mvua. Ndiyo sababu sheria ya Kenya tangu 1978 yataka chumvi ya kula itiwe iodini, hata ile itokayo Gongoni karibu na bahari. Munyu wa majivu ni mtamu kwa kunde, nasi twaupenda, lakini hauwezi kushika mahali pa chumvi ya pakiti. Pakiti nayo ifunikwe vizuri, isikae karibu na moto, na chumvi itiwe chakula kikiwa karibu kuiva, maana iodini hupotea.

La pili ni pombe. Tangu madaktari wa Seattle walipoeleza mwaka 1973 juu ya watoto walioumizwa na pombe tumboni, imejulikana kwamba pombe huweza kuziharibu zile kamba kabla ya wakati wake, na chembe zikapotea njia. Busaa ya sherehe na chang'aa ya jioni, zote ni pombe. Tena, baba, ni nani aliyeileta nyumbani?

Yule mama tulimweleza haya kwa siku mbili, tukitumia kamba ya mbuzi na karatasi. Hakulia. Aliuliza kama aweza kupata mtoto mwingine, nasi tukamwambia arudi kwa daktari pamoja na mumewe, kwa kuwa jibu lategemea ni jeni ipi. Kisha akatuomba twende naye nyumbani, tukamweleze mama mkwe wake habari za kamba.

Tulikwenda Jumanne iliyofuata. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kisha akamwuliza mkazamwana wake, "Hiyo dawa ya kifafa, mtoto hupewa saa ngapi?"