Uvuvi wa masika katika Bwawa la Nyumba ya Mungu

Uvuvi wa masika katika Bwawa la Nyumba ya Mungu ni uvuvi wa maji baridi unaofanyika wakati mito inayotoka Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru imejaa. Bwawa hilo liko kaskazini mwa Tanzania, kilomita 50 hivi kusini mwa mji wa Moshi, mpakani mwa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara. Lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kudhibiti maji ya mto Pangani na kuzalisha umeme.

Chanzo cha maji

Nyumba ya Mungu iko katika nyika kavu inayopata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka. Kinyume chake, sehemu za misitu kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 2,000. Kwa sababu hiyo bwawa linaweza kujaa hata kama mvua haijanyesha kando yake.

Maji huingia kwa mito miwili mikuu. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru pamoja na ya mito ya Kilimanjaro kama vile Weruweru, Karanga na Kikafu. Ruvu hutoka Ziwa Jipe. Usichanganywe na mto Ruvu wa Mkoa wa Pwani. Wakati wa kiangazi mito hii hutegemea zaidi chemchemi. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huleta mafuriko yenye tope, majani na magogo.

Tabia za samaki

Samaki wanaovuliwa zaidi ni perege na kambare. Maji yanapopanda hufunika nyasi za kandokando, na hapo samaki hupata wadudu, minyoo na mahali pa kujificha.

Kambare huingia usiku katika maji mapya yasiyo na kina ili kutaga mayai. Huweza kupumua hewa ya juu ya maji, kwa hiyo huvumilia maji ya tope yenye oksijeni kidogo. Perege dume huchimba kiota katika maji ya kina kifupi. Jike huyachukua mayai kinywani na kuyatunza humo hadi vifaranga watakapoweza kujitegemea.

Mbinu na hatari

Wavuvi hutumia mitumbwi, nyavu za makila na ndoano. Katika maji ya tope samaki hauoni wavu vizuri, hivyo hunaswa kwa urahisi zaidi. Lakini magogo yanayoelea huweza kuuchana wavu au kuuchukua kabisa. Karibu na midomo ya mito mkondo huwa na nguvu, na mamba na viboko ni hatari kwa anayeingia majini.

Uhifadhi

Majira ambayo samaki husogea karibu na ukingo ndiyo pia majira ya kuzaliana kwa wengi wao. Perege jike akivuliwa akiwa na mayai kinywani, kizazi chake hupotea pamoja naye. Kokoro linalokokotwa hadi ufukoni huharibu viota na kuzoa vifaranga. Matumizi yake katika maji baridi yamepigwa marufuku nchini Tanzania.

Bwawa lilipokuwa jipya lilitoa samaki wengi sana, kwa kuwa mimea iliyofunikwa na maji ilioza na kuyarutubisha. Baada ya miaka michache mavuno yalishuka. Tangu hapo mamlaka zimewahi kusimamisha uvuvi kwa muda ili samaki waongezeke. Miongoni mwa wanaohitaji kulindwa ni perege wa Jipe (Oreochromis jipe), ambaye kiasili hupatikana katika beseni la mto Pangani tu.

Hali ya bwawa hutegemea pia watu wa mlimani. Misitu ikikatwa na kingo za mito zikilimwa, mvua huteremsha udongo mwingi zaidi, nao hutua bwawani na kupunguza kina chake. Maji yakitumika mno kwa umwagiliaji kabla hayajafika bwawani, nyasi za kandokando hazifunikwi na samaki hukosa mahali pa kuzalia.