Nyuzi Zilizoota Manyoya

Anayejenga kwa udongo huchanganya nyasi ndani yake. Udongo mtupu ukikauka hupasuka, nyasi huushika. Viwandani nako hufanya vivyo hivyo. Huyeyusha mchanga au mawe kwa moto mkali, wakavuta nyuzi. Nyuzi husukwa kitambaa, vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha hutiwa gundi. Gundi ikikauka, linapatikana gamba gumu na jepesi. Boti za faiba huundwa hivyo.

Ubovu uko wapi? Uko kati ya tabaka na tabaka. Pale hapana uzi unaovuka, ni gundi tupu. Gamba likigongwa sana, tabaka huachana kama maganda ya kitunguu. Nje huoni kitu, kumbe ndani limekwisha! Siku moja linavunjika ghafla, na watu wamo.

Kwa hiyo wataalamu wameotesha manyoya juu ya nyuzi hizo. Manyoya yenyewe ni vibomba vya kaboni. Kaboni tunaijua, ndiyo iliyomo katika mkaa na masizi ya chungu. Ila hapa imejipanga kama bomba, jembamba kuliko unywele mara maelfu. Mjapani Sumio Iijima alivieleza vibomba hivi mwaka 1991.

Huoteshwaje? Katika chuo cha MIT, Marekani, walitumia kitambaa cha nyuzi za alumina. Kitambaa huchovywa katika dawa yenye chumvi ya chuma, kikakaushwa. Kisha huingia tanuri lenye joto la digrii 650 hivi za Sentigredi, na gesi yenye kaboni hupitishwa humo. Vipunje vya chuma ndiyo mbegu. Gesi ikivigusa, kaboni hubaki pale na kuota, kama nyasi baada ya mvua. Hewa ya kawaida haitakiwi tanurini. Ikiingia, kaboni itaungua kama mkaa tu.

Manyoya ya tabaka moja huingia katika ya jirani, zikashikana. Tena kaboni hupitisha umeme, na nyuzi za mawe hazipitishi. Fundi hupitisha umeme kidogo katika gamba na kuupima. Gamba likivutwa au likipata ufa, vibomba huachana, umeme hupita kwa shida, kipimo hubadilika. Ni kama gamba limesema, “Hapa naumia.”

Lakini moto wa tanuri una hasara yake. Nyuzi za kioo zikichomwa sana hupungua nguvu, basi umepata manyoya ukapoteza uzi. Alumina huvumilia moto, ila ni ghali.

Na kuna vumbi. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh, Uingereza, walionyesha kwamba vibomba virefu vikiingizwa mwilini mwa panya huleta madhara kama ya asbesto. Kwa hiyo anayekata gamba hili au kulipiga msasa avae kinga ya vumbi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na vumbi linyonywe kwa mashine. Kujifunga leso puani hakutoshi.